Gata Lisilokinga Maji

Saa tatu asubuhi Cornel Lubango alikuwa amepiga magoti ndani ya handaki, shavu lake likikaribia kugusa ukuta wa udongo, akiukwangua kwa kisu taratibu kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Ukingoni juu yake watu wanne walisimama wakikitazama kisogo chake.

"Mzee," aliita Marcel, afisa ardhi wa kampuni ya madini, "yumo au hayumo?"

"Nipe nusu saa."

"Hiyo nusu saa uliiomba nusu saa iliyopita."

"Basi unajua nitaomba nini hii ikiisha."

Wema, afisa afya wa kata, alicheka kidogo, halafu akajiziba mdomo. Hapakuwa mahali pa kucheka. Hatua moja kutoka handakini lilikuwapo kaburi la saruji lililopakwa chokaa. Upande wa kichwani mtu alikuwa ameandika kwa msumari kabla saruji haijakauka: MTOTO WA MWIGULU 1998.

Kaburi hilo ndilo lililomtoa Cornel nyumbani kwake Kolandoto. Kampuni ilitaka kitongoji cha Mwalugesha, mwendo mfupi kwa pikipiki kutoka Rwamgasa, kiwe mahali pa kumwaga mawe yasiyo na dhahabu. Kaya nyingine zilikubali kuhama na zilikuwa zikisubiri tarehe. Vumilia, mjane wa Mwigulu, alikataa. Alifungua shauri la madai, akisema hatakubali mawe yamwagwe juu ya kaburi la mwanawe. Kampuni ilijibu kwamba hakuna kaburi, ni tegesha tu.

Tegesha kila mtu wa ukanda ule anaijua. Fununu ya tathmini ya fidia ikivuma, kesho yake mipapai mia mbili imesimama mahali pa mipapai kumi, na kibanda kisicho na mlango kimeota katikati ya mihogo. Mwaka uliopita watu walifika hadi kutegesha makaburi. Saba yalifukuliwa kwa kibali, na ndani ya saba yote hakukutwa hata kipande cha sanda.

Jaji aliziamuru pande zote mbili zikubaliane juu ya mtaalamu mmoja. Zilimkubali Cornel, mtaalamu wa udongo aliyestaafu, mtu aliyechimba mashimo ya uchunguzi kwa miaka thelathini na mmoja na ambaye hakuwa na deni kwa yeyote kati yao. Swali aliloandikiwa lilikuwa la mstari mmoja: chini ya saruji ile kuna maziko, au hakuna? Ripoti ilitakiwa mahakamani Ijumaa, siku ambayo zuio la muda lingekwisha. Leo ilikuwa Jumatano. Juu ya kilima buldoza la manjano lilikuwa limeegeshwa, uso wake ukiielekea nyumba ya Vumilia.

Udongo una tabia moja ambayo binadamu hana: ukishachanganywa, haujifanyi kwamba haukuchanganywa. Mchimba kaburi hutoa udongo wa juu, kisha wa kati, kisha wa chini. Anapofukia, yote hurudi yamevurugika, wala hayajipangi tena hata yakikaa miaka mia. Cornel alikuwa amelichimba handaki lake ubavuni mwa kaburi ili asiguse saruji. Kutoka humo aliipitisha keekee yake ya udongo, chuma kirefu cha kutolea sampuli, kwa ubavu, mara tano, hadi chini ya saruji yenyewe.

Mara zote tano jibu lilikuwa moja. Juu luseni, ule mchanga wa kijivu wanaolima karanga. Chini yake kikungu, udongo mwekundu. Kisha, kwenye kina cha mita moja, bamba la changarawe gumu kama tofali lililoungua. Hapakuwa na tone la kijivu ndani ya nyekundu. Tena mzizi wa mkwaju, mnene kama kifundo cha mkono, uliingia chini ya saruji upande huu ukatokea upande wa pili bila alama ya jembe wala panga.

Alitoka handakini, akajipangusa magoti, akamgeukia mtu wa tatu ukingoni. Huyu alikuwa Enock, mdogo wake marehemu Mwigulu, ndiye aliyejaza fomu ya madai kwa niaba ya shemeji yake.

"Enock, uliandika kwamba kaburi ulilichimba wewe."

"Mimi na marehemu kaka."

"Kina gani?"

Enock aliweka kiganja kifuani. "Hapa."

"Mlitumia nini?"

"Jembe na koleo."

"Na sururu?"

"Sururu ya nini, mzee? Udongo wa hapa si unauona? Ulikuwa unashuka kama ugali wa moto."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

Cornel alimpa sururu. "Shuka. Piga hapo chini mara moja tu."

Enock alishuka, akainua, akapiga. Chuma kililia na kuruka, karibu kimtoke mkononi. Aliitazama ncha ya sururu, akaitazama changarawe iliyokuwa imechanika kidogo tu kama ngozi ya goti.

"Haya," alisema Marcel. "Kiko wapi kifua chako, Enock? Hapo ni kiunoni tu. Mzee, funga begi tuondoke. Tegesha. Nimesema toka mwaka jana, nikaitwa mtu asiye na utu."

Cornel hakuwa akimtazama Enock tena. Alikuwa akimtazama Vumilia, wa nne ukingoni. Mama anayeambiwa mbele za watu kwamba kaburi la mwanawe ni tupu hupiga kelele, au huapa, au huanguka. Vumilia alikaza kanga yake kiunoni, basi. Toka asubuhi hakuwa ameitupia saruji jicho hata mara moja.

"Mama Nelly," alimwita kwa jina la bintiye, "umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Una la kusema?"

"Nyinyi ndio mnaoona chini ya ardhi. Mimi naona juu tu."

Cornel alikuwa na jibu la swali aliloulizwa. Mtu mwingine angelifunga begi. Yeye alilitoa jalada, akasoma amri ya mahakama tena, kidole kikifuata mstari.

"Nimeruhusiwa kukagua kiwanja chote," alisema.

"Lakini swali ni saruji," alisema Marcel.

"Swali ni saruji. Ruhusa ni kiwanja."

Walikizunguka. Karibu na ua wa minyaa palikuwa na kichuguu cha udongo kirefu kama mtu aliyelala, na Wema alipokiona alisimama ghafla. Cornel aliingiza keekee. Ilitoka na makaa, majivu na udongo ulioungua. Palikuwa tanuri la mkaa la miaka mingi.

"Hapo amezikwa gogo," alisema Marcel. "Tuwape pole ndugu wa gogo?"

"Andika," Cornel alimwambia Wema. "Shimo la sita. Tanuri la mkaa."

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu. Walipofika nyuma, Cornel alisimama. Katikati ya upenu palikuwa pamepigiliwa kipande cha gata, mfereji wa bati wa kukingia maji ya mvua, urefu wa hatua mbili tu. Nyumba nzima haikuwa na kingine. Kilikusanya maji ya sehemu ile ndogo ya bati na kuyamwaga pembeni, juu ya mawe matupu.

"Maji mnachota wapi?" aliuliza.

"Bondeni," alijibu Enock. "Kwenda na kurudi saa nzima."

Cornel alizitazama ndoo mbili zilizofudikizwa kwenye mlango wa jiko. Mtu anayebeba maji kichwani saa nzima akipata gata huweka ndoo chini yake, hata kama ndoo imetoboka. Hapa hapakuwa na ndoo, wala pipa, wala duara la mahali ndoo ilipowahi kukaa. Gata lile halikuwekwa ili kukinga maji. Liliwekwa ili maji yasidondokee mahali fulani.

Aliangalia chini. Ua wote ulikuwa umefagiwa asubuhi ile, michirizi ya chelewa ikionekana. Chini ya gata ufagio ulikuwa umezunguka kama upinde na kuacha kipande cha ardhi bila kukigusa. Cornel alisimama pale pale ufagio uliposimama.

Bibi kizee aliyekuwa akipukuchua mahindi mlangoni mwa jiko aliinuka. Alikuwa Bibi Mbuke, mama mdogo wa marehemu Mwigulu, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa Mwalugesha.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia Cornel.

"Mwangaluka. Baba, huko nyuma hakuna kitu. Ni pa wanawake kuogea."

"Pa kuogea pangekuwa na jiwe la kusimamia, mayu. Na matope."

Bibi alimpima kwa macho. "Wewe mwana wa nani?"

"Wa Lubango, wa Kolandoto."

"Basi ulifunzwa. Rudi mbele."

Cornel alirudi mbele. Marcel alimfuata akitikisa kichwa. "Mahakama imekuruhusu kiwanja chote, na bibi mmoja mwenye mahindi anakufukuza?"

"Sijafukuzwa. Nimejibiwa."

Walikuwa wamekaa kivulini, Cornel akichora ramani ya kiwanja, simu ya Vumilia ilipoita. Alikuwa Nelly, binti yake wa pekee, anayeanika dagaa Nkome. Vumilia aliongea maneno machache, kisha akampa bibi simu.

"Shija, ng'wana wane," alisema Bibi Mbuke kwa sauti ya juu, kama watu wa umri wake wanavyoongea na simu. "Shija, unakula? Tumbo linakaaje? Usinyanyue magunia, umesikia?"

Penseli ya Cornel ilisimama.

"Anaongea na nani?" aliuliza.

"Si Nelly," alisema Enock. "Bibi humwita Shija toka mdogo."

"Jina la ukoo?" aliuliza Marcel, mtu wa Bukoba.

"Hapana," alisema Cornel. "Kwetu jina hilo halichaguliwi, mtoto hulikuta. Aliyezaliwa akawafuata mapacha, huyo ni Shija." Alilifungua jalada kwenye ukurasa wa familia. "Hapa imeandikwa Nelly Mwigulu, mtoto wa kwanza na wa pekee. Sasa mapacha aliowafuata wako wapi?"

Bibi alikuwa amekata simu na kuishikilia kama kitu kilichomchoma.

"Jina la utani la bibi si ushahidi," Marcel alisema mwishowe, kwa sauti ya chini zaidi.

"Kweli kabisa. Ndiyo maana naomba karatasi. Mama Nelly, ile kadi ya kliniki ya mimba ya Nelly, bado unayo?"

Vumilia aliingia ndani akakaa muda mrefu. Alitoka na kadi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kingo zake zimeliwa. Cornel hakuisoma peke yake. Aliiweka juu ya begi, akawaita Marcel na Wema, mmoja kila upande.

"Afisa afya, soma hapa."

"Mwaka tisini na tisa. Mimba: ya pili." Wema alikisogeza kidole. "Watoto waliozaliwa kabla: wawili. Walio hai: sifuri."

"Marcel, hesabu."

"Mimba ya pili ndiyo ya Nelly," alisema Marcel polepole. "Kwa hiyo kabla yake ilikuwapo mimba moja." Akaisogelea kadi. "Watoto wawili. Mimba moja."

"Nani aliijaza kadi hii?"

"Nesi," alisema Wema. "Na muhuri wa zahanati huu hapa."

"Mwaka tisini na tisa kulikuwa na tathmini ya kampuni hapa Mwalugesha?"

"Kulikuwa na pori," alisema Marcel.

Vumilia alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Alizungumza akiwa ameyatazama magoti yake. "Wa kiume na wa kike. Hawakulia."

"Na mimi nilijua wapo," Enock alilipuka. "Mzee, andika na hilo. Nilijua wapo, sikujua wapi! Mwanamume haonyeshwi. Hata kaka, baba yao mzazi, alikufa hajaonyeshwa. Akaja mtu wa tathmini na kishikwambi chake, anasema nahesabu makaburi yanayoonekana. Sasa mimi nifanyeje?"

"Ukatengeneza linaloonekana."

"Nikatengeneza linaloonekana. Kwa saruji yangu."

Cornel alimgeukia bibi. "Mayu, ni pale nyuma."

"Sijasema kitu."

"Hujasema. Ijumaa nisipokuwa na la kuandika zaidi ya saruji, Jumamosi lile buldoza litashuka. Halitauliza nani mwanamume nani mwanamke."

Bibi Mbuke alimsogelea. "Unafikiri nafanya ukaidi? Wakitazamwa na mwanamume, watamfuata aliye tumboni mwa mdogo wao. Shija ana miezi saba. Wewe utamjibu nini akizaa kimya kama mama yake?"

Cornel alilifunga jalada.

"Sitapatazama pakichimbwa," alisema. "Mimi nahitaji udongo tu. Wema ni mwanamke, na sheria inamtaka awepo. Atachimba yeye. Wewe utamwonyesha, Mama Nelly ataniletea. Sisi wanaume tutakaa huku mbele, tumeipa nyumba mgongo."

"Mzee," alisema Marcel, "utaandika ripoti ya shimo ambalo hukuliona?"

"Nitaandika kwamba sikuliona. Nitaandika na sababu. Wema ataapa kwa alichokiona, mimi kwa nilichoshika."

Bibi na Vumilia waliingia jikoni. Waliongea Kisukuma kwa sauti ya chini, na Cornel, ambaye angeweza kusikia, alisogea mbali zaidi. Walipotoka, Vumilia alikuwa ameshika ungo.

Cornel alimwelekeza Wema kwa dakika kumi. Keekee ilikuwa na pete za rangi kila sentimita kumi. Kila pete, kimo kimoja cha udongo, mahali pake kwenye ungo. Shimo la kwanza hatua tatu kando ya gata, la kulinganisha. La pili bibi atakapoonyesha. "Ukigusa kitu, acha. Usisukume. Hatukuja kumtoa mtu."

Wanaume watatu waliketi kwenye benchi wakikitazama kilima. Nyuma yao chuma kilisaga udongo.

"Kumi!" iliita sauti ya Wema.

Marcel alitaka kugeuka, Enock akamshika bega. "Kaka, tafadhali."

Ungo wa kwanza ulikuja. Kijivu, kijivu, kijivu, kisha nyekundu, nyekundu tupu. Luseni juu, kikungu chini, kama vilivyopangwa toka dunia iumbwe. Cornel alipiga picha, akamwaga kila kimo kwenye mfuko wake, akaandika.

Ungo wa pili ulichukua muda. "Kumi!" Kisha "Ishirini!" Kisha "Thelathini!" Kisha "Arobaini!" Kisha, taratibu, "Hamsini." Na mara moja: "Mzee, kimegusa!"

"Kigumu kama jiwe?" Cornel aliuliza, uso kilimani.

"Hapana. Kina mlio. Kama... kama ndani kuna nafasi."

"Acha hapo. Kitoe bila kukizungusha."

Vumilia aliuleta ungo kwa mikono miwili, akitembea kama mtu aliyebeba maziwa. Cornel aliuweka magotini. Toka kimo cha kwanza hadi cha mwisho hapakuwa na mpaka. Kijivu kilikuwa ndani ya nyekundu, nyekundu ndani ya kijivu, na katikati yake chembe za majivu. Nyuzi za mizizi ya nyasi zilipenya mchanganyiko huo kila upande, kavu kwa mbichi. Kwenye ncha ya keekee palikuwa na punje nne za udongo uliochomwa. Aliziosha kwa maji ya chupa, akazitazama kwa lenzi. Upande mmoja rangi ya tofali, upande wa pili masizi.

"Chungu," alisema. "Kilichowahi kupikiwa."

"Cha mama yangu," alisema Vumilia. "Nilikuja nacho nilipoolewa. Ndimo walimolazwa."

Marcel aliinuka, akatembea hatua chache, akarudi. "Mzee, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini wakili wetu atauliza hivi: kwanza walileta saruji, ikawa uongo. Sasa wanaleta chungu. Nani atatuambia chungu hakikuzikwa mwezi uliopita?"

"Ni swali zuri. Una picha za angani za tathmini?"

"Ninazo."

"Za lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali, kabla mtu yeyote hajajua mpaka utapita wapi."

"Nitafutie nyumba hii."

Marcel alikitoa kishikwambi, akakuza picha. Ua ulionekana, mkwaju, jiko. Mahali pa kaburi la saruji palikuwa nyasi tupu. Alikuza zaidi, upande wa nyuma wa paa. Mstari mwembamba, urefu wa hatua mbili, ukiwa na kivuli chake.

"Gata," alisema.

"Na ndoo?"

Marcel alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hakuna ndoo."

"Picha ni yenu, haikupigwa na Enock. Na mizizi hii ya nyasi haioti mwezi mmoja. Sitaandika kwamba nimewaona watoto. Nitaandika kwamba ardhi ilichimbwa, ikawekwa chungu, ikafukiwa, miaka mingi kabla ya tathmini. Na kwamba kadi ya zahanati inasema watoto wawili walizaliwa na hawakuwa hai. Jaji ataunganisha mwenyewe."

"Na saruji?" aliuliza Enock.

"Saruji nitaiandika kwanza, maana ndiyo niliyoulizwa. Hakuna maziko chini yake."

Enock alipiga magoti pale pale vumbini. "Mzee wangu. Shikamoo ya pili. Iache. Sema hukufika huko. Fomu ile shemeji aliweka dole gumba. Ukisema ni ya uongo, mwongo ni yeye."

"Inuka, Enock."

"Watamfunga!"

"Wakikuta nimeificha saruji, hawataamini na chungu." Cornel alimgeukia Vumilia. "Mama Nelly, nikueleze bila kuzunguka. Nikiandika saruji peke yake bila neno lako, wakili wao atasema nyumba hii ni ya kutegesha toka mbele hadi nyuma. Ukitoa maelezo kwamba ulijua saruji ni tupu, na kwa nini ulinyamaza, ripoti inasimama. Lakini utakuwa umekiri. Fidia unaweza kuikosa yote. Wanaweza kukushitaki kwa ile fomu. Sina uwezo wa kukuahidi kinyume. Piga simu kwa wakili wako kwanza."

Vumilia alipiga. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Alipokata aliirudisha simu ndani ya fundo la kanga.

"Anasema nisubiri kesho aje, tuone namna ya kuisema vizuri."

"Ni haki yako."

"Kuna namna mbili za kuisema?"

"Ya kweli ni moja."

"Basi andika."

Aliyasema maelezo yake akiwa amesimama, na Cornel aliyaandika kama yalivyotoka, bila kuyanyoosha. Nilijua pale kwenye saruji hakuna mtu. Shemeji alijenga kwa kuwa mimi sikuweza kuonyesha. Niliweka dole. Watoto wangu wako nyuma ya nyumba, chini ya bati, nimewakinga na mvua tangu walipozikwa. Kulwa na Doto. Sitaki malipo ya saruji. Nataka wasimwagiwe mawe.

Alimsomea mara mbili mbele ya Marcel na Wema. Vumilia alilichovya dole gumba kwenye wino, akalibana karatasini, akaliacha hapo hadi Wema alipomgusa mkono.

"Hii itasomwa mahakamani?" aliuliza.

"Itasomwa."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mbele ya watu wote."

Aligeuka akamtazama Bibi Mbuke. Bibi alikuwa ameegemea mlango wa jiko, punje za mahindi bado kiganjani.

"Mama, si siri tena," alisema Vumilia.

"Si siri tena," alisema bibi.

"Sikuruhusiwa kulia siku ile."

"Hukuruhusiwa. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo kwa mkono huu." Bibi alizimwaga punje. "Sasa lia, mwanangu."

Vumilia aliketi chini, akainyoosha miguu yake mbele, akafungua kilemba. Sauti iliyotoka haikuanza ndogo ikakua. Ilitoka nzima, ikavuka ua wa minyaa, ikashuka bondeni wanakochota maji. Bibi Mbuke aliketi kando yake, akaipokea. Wema alivua viatu vya kazi akaenda kukaa nao.

Marcel alisogea karibu na Cornel, kishikwambi kikiwa kifuani. "Mzee, bado vipimo vya upande wa kaskazini. Tuvimalize, au turudi kesho?"

"Kazi imesimama. Hapa pana msiba." Cornel alivua kofia. "Kaa na wanaume."

Marcel aliketi kwenye benchi karibu na Enock. Baada ya muda aliitoa simu yake, akaizima.

Haikupita robo saa watu wakaanza kuingia, maana kilio hakihitaji barua. Wa kwanza alikuwa jirani mmoja, mwanamke aitwaye Sikujua, mzigo wa kuni kichwani, akihema kwa kupanda mlima. Aliwaona wanaume wamekaa, akawasikia wanawake, akasimama mbele ya Enock.

"Kafa nani?"

"Watoto wa kaka," alisema Enock. "Wawili."

"Mungu wangu! Lini?"

Enock alijipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la handaki. "Mwaka tisini na nane."

Jirani huyo alimtazama. Aliutazama udongo kwenye ungo, akamtazama Vumilia aliyenyoosha miguu. Aliutua mzigo wa kuni karibu na jiko.

"Poleni," alisema, akaenda kukaa walipokaa wanawake.